Tambu Mdogo na Tambu Mkubwa

 

Leo nimekuja na kitabu kimoja tu. Ni riwaya ya Tsitsi Dangarembga, mwandishi wa Zimbabwe, inayoitwa Nervous Conditions. Ilichapwa London mwaka 1988, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Waandishi ya Jumuiya ya Madola kwa upande wa Afrika. Ambao hamjaisoma msihofu, nitawasimulia kiasi cha kutosha. Mlioisoma mnivumilie, maana nina maneno na ninyi hasa.

Ni hadithi ya makuzi. Msichana wa Kishona, jina lake Tambudzai, wenyewe humwita Tambu, anakulia kijijini katika nchi iliyokuwa ikiitwa Rhodesia, miaka ya 1960, chini ya utawala wa walowezi. Baba yake mkubwa ni msomi, mwalimu mkuu wa shule ya misheni. Tambu anatolewa kijijini na kupelekwa kwa huyo baba mkubwa ili asome, na huko anaishi chumba kimoja na Nyasha, binti wa baba mkubwa, aliyekaa Uingereza utotoni kwa miaka mitano. Mmoja anatoka kijijini anaitamani Uingereza asiyoijua. Mwingine ametoka Uingereza, anakitamani kijiji asichokijua tena.

Swali langu la leo ni hili. Mwandishi anatumia mbinu gani kutufanya tuone jinsi mtu mmoja anavyoweza kuwa na watu wawili ndani yake?

Sasa hapa naomba niseme jambo na walimu wangu, kwa heshima zote. Tumewazoesha vijana wetu kuzihesabu mbinu. Tashbihi tatu, taashira nne, kinaya kimoja, piga mstari, chukua maksi. Riwaya hii ukiihesabu hivyo utajaza ukurasa mzima, na bado hujaigusa. Kwa maoni yangu kuna mbinu moja inayozibeba nyingine zote, nayo ni hii: nani anasimulia, na anasimulia akiwa na umri gani? Nitalirudia swali hilo mara kadhaa, mnisamehe.

Tuanze mwanzo kabisa. Riwaya inafunguka kwa msichana kutuambia kwamba kaka yake alipofariki, yeye hakusikitika. Anasema hivyo tu, kwa utulivu, na haombi radhi. Hebu fikiri upo msibani, watu wamekaa mkekani, dada wa marehemu anasimama na kutamka maneno hayo. Ungemfikiriaje? Ungesema huyu mtoto ana roho mbaya. Na ndivyo tunavyosema sisi wasomaji kimoyomoyo. Tumeshamhukumu.

Mwandishi anajua kwamba tumemhukumu. Ndipo anaturudisha nyuma. Kifo chenyewe hatukifikii mpaka sura kadhaa zipite, na katika sura hizo tunaona mambo. Tunaona fedha za karo zikikosekana, na nafasi ya shule ikibaki kwa Nhamo, yule kaka, kwa sababu ni mvulana. Tunamwona Tambu, mtoto mdogo, akiomba mbegu na kipande cha ardhi alime mahindi yake mwenyewe ili ajilipie ada. Tunamwona baba yake, Jeremiah, akimcheka. Kisha mahindi yanaanza kupotea shambani, na Tambu anagundua kwamba mwizi ni Nhamo. Anayaiba na kuwagawia wenzake. Tambu anamvamia mbele ya watoto wa shule ya Jumapili, wanagaragazana chini.

Kwa hiyo tunapofika kwenye msiba wenyewe, tunaona haya kwamba tulimhukumu mapema. Wengine tunagundua kwamba hata sisi hatusikitiki sana. Hiyo ndiyo kazi ya mbinu rejeshi ikitumiwa na fundi: msomaji anajikuta amehusika.

Lakini sikiliza vizuri sauti ile ya ukurasa wa kwanza. Je, ni sauti ya mtoto? Hapana. Mtoto hawezi kusema jambo zito kiasi kile kwa utulivu ule. Anayesema ni mwanamke mtu mzima, aliyesoma, aliyekaa miaka mingi akilitafakari jambo hilo. Kwa hiyo ndani ya neno moja, "mimi", kuna watu wawili. Kuna Tambu mdogo, anayeishi hadithi. Na kuna Tambu mkubwa, anayeisimulia. Tambu mdogo anashangaa, anatamani, anakasirika. Tambu mkubwa anamtazama, mara kwa upendo, mara kwa kejeli, na mara nyingi hasemi kitu, anatuachia sisi tuone.

Nitawapa mfano mmoja, na huu napenda tukae nao.

Mahindi yale yaliyosalia, mwalimu wake, Bwana Matimba, anamshauri akayauze mjini Umtali, mji ambao leo unaitwa Mutare. Wanakwenda na lori la shule. Kiingereza cha Tambu wakati huo ni maneno machache ya kuuzia mahindi, aliyofundishwa na mwalimu. Anatokea bibi mmoja wa Kizungu, Doris, anamkaripia mwalimu: inakuwaje anamfanyisha mtoto kazi wakati anapaswa kuwa shuleni? Mwalimu, mtu mzima mwenye heshima zake, anashusha sauti na kutunga uongo. Mtoto huyu yatima, mtoto huyu maskini, na kadhalika. Bibi yule analainika, anatoa paundi kumi. Mahindi hata hayataki.

Tambu mdogo anaona nini hapo? Anaona karo. Anaona shule. Kwake siku ile ni siku ya ushindi. Na Tambu mkubwa? Yeye anatusimulia mazungumzo ambayo yule mtoto hakuyaelewa. Mtoto aliyesimama pale hakuwa na Kiingereza. Mwanamke anayesimulia anacho, tena kingi. Na elimu iliyompa Kiingereza hicho ililipiwa kwa fedha zilezile, zilizopatikana kwa mwalimu wake kujidhalilisha barabarani. Halisemi hilo hata mara moja. Hana haja. Kaliweka mbele yetu, kaendelea na safari.

Mnaona? Ndiyo maana nasema nani anasimulia, na anasimulia akiwa na umri gani. Ukimsahau Tambu mkubwa, tukio lile linakuwa hadithi ya bahati nzuri. Ukimkumbuka, ni tukio linalouma.

Tuendelee. Nhamo anafariki, Tambu anachukua nafasi yake, anapanda gari la baba mkubwa kwenda misheni. Na hapa lugha ya riwaya inabadilika. Sentensi zinarefuka, misamiati inanenepa, kila kitu kinapambwa. Hata kichujio cha chai kinaangaliwa kama kitu cha makumbusho. Nimesikia watu wakilalamika kwamba sehemu hii ina lugha ngumu, ya kujionyesha. Naam, inajionyesha, na imekusudiwa! Tambu mdogo amelewa. Anaamini anazaliwa upya. Na Tambu mkubwa, aliyesoma vitabu vyote vile, anamwandikia ulevi wake kwa lugha ileile ya vitabu, ili tucheke kidogo, kisha tujiulize tunacheka nini. Kwangu mimi hizi ndizo kurasa bora zaidi katika riwaya nzima, na ndizo zinazorukwa darasani.

Halafu mezani. Msichana aliyelima mahindi kwa mikono yake anahangaika na uma na kisu mbele ya chakula. Tutarudi kwenye chakula, msiondoke.

Nije sasa kwa Nyasha.

Ndugu msikilizaji, umewahi kumwona mtoto aliyerudi kutoka shule za mbali, bibi yake anamsalimu, naye anamjibu kwa Kiingereza? Wazazi wanatabasamu, wanaona fahari. Bibi anatazama pembeni. Katika riwaya hii watoto wa namna hiyo wako wawili, na mwandishi amewapanga makusudi ili tuone tofauti yao. Nhamo alipoanza kusoma misheni alirudi kijijini akijifanya Kishona kimempotea. Baba akafurahi, mama akaogopa. Lakini palipotokea jambo zito la kuzungumzwa kwa kina, Kishona kilirudi chote! Alikuwa nacho, akikitupa. Nyasha ni kinyume chake. Kwake kimepotea kweli, utotoni, wala si kwa hiari yake. Siku binamu zake waliporudi kutoka Uingereza, Tambu alikuwa amejiandaa kucheza nao, akakuta hawawezi kuongea naye. Akakasirika. Akamchukia Nyasha kwa ukimya wake na kwa gauni lake fupi.

Na Nyasha ndiye anayehangaika kurudi. Shuleni wenzake wanamsema kwamba anajiona Mzungu, kwa sababu ya lafudhi. Nyumbani baba yake anamsema kwamba hana adabu za binti wa Kiafrika. Huku anakataliwa, na kule anakataliwa. Anasoma usiku na mchana. Anafinyanga vyungu kwa udongo. Anabishana na baba yake mezani, na siku moja ugomvi unafika mahali pabaya, baba anampiga, na binti anamrudishia kipigo.

Wataalamu wa fasihi humwita mhusika wa namna hii mhusika pacha, kwa maana kwamba anafanya na kusema yale ambayo mhusika mkuu anayameza. Tambu ni mtiifu, anashukuru, anasema ndiyo. Nyasha anasema hapana kwa niaba ya wote wawili. Na gharama analipa peke yake.

Hapa kuna jambo ambalo hunifikirisha kila ninapokishika kitabu hiki. Dangarembga mwenyewe, aliyezaliwa mwaka 1959, alipelekwa Uingereza akiwa mtoto mdogo na kurudi baada ya miaka michache. Baadaye alikwenda Cambridge kusomea udaktari, akaacha, akarudi nyumbani mwaka 1980, mwaka wa uhuru, akasoma saikolojia katika Chuo Kikuu cha Zimbabwe. Kwa hiyo nani angetarajiwa kusimulia riwaya hii? Nyasha, bila shaka. Lakini mwandishi hakumpa Nyasha kalamu. Kampa Tambu, yule ambaye hakwenda.

Kwa nini? Mimi nadhani ni kwa sababu Nyasha tayari anajua. Angesimulia yeye, tungeanza na maumivu tangu ukurasa wa kwanza, na tungesema, maskini, basi. Tambu anaanza na tamaa. Anaitaka ile elimu, anaitaka ile nyumba, anaitaka ile sabuni yenye harufu nzuri, na sisi tunaitaka pamoja naye, tunamshangilia. Kwanza tunapenda, ndipo polepole tunaona kinachompata binamu yake aliyetangulia njia ileile.

Nililiacha suala la chakula, nalirudia sasa. Hadithi inaanza na mahindi: mtoto analima chakula ili apate shule. Katikati tuna meza ya baba mkubwa, nyama na siagi na vijiko, chakula ambacho ni ishara ya cheo cha mwenye nyumba. Na mwishoni tuna sahani ya Nyasha. Baba anamlazimisha amalize chakula kama adhabu, anamaliza, kisha anakwenda chooni kukitapika. Msichana anakonda katika nyumba yenye shibe kuliko zote ukoo mzima. Taashira? Ndiyo, andika kwenye daftari. Ila tazama jinsi inavyofanya kazi: mahindi ni mahindi kwanza, yanaliwa, yanaibwa, yanauzwa. Mwandishi hajasimama hata mara moja kutwambia kwamba yana maana nyingine.

Mbinu nyingine nitaipitia haraka. Majina. Baba mkubwa katika riwaya hii anaitwa Babamukuru, mke wake Maiguru, kitabu kizima. Sisi watu wa Kiswahili hatuhitaji kuelezwa, tunalisikia baba mkubwa humo ndani mara moja. Majina yao ya kuzaliwa hatuambiwi. Nyumbani kwetu hilo ni adabu tu. Lakini katika riwaya adabu hiyo inaficha kitu. Huyo Maiguru, anayembembeleza mumewe kama mtoto na kula kilichopoa, ana shahada ya uzamili sawa na mumewe, na Tambu anakaa naye muda mrefu kabla hajalijua hilo. Cheo cha ukoo kimefunika usomi wote.

Sasa twende kwenye harusi, maana hapo ndipo ule uwili tunaouzungumza unapoonekana kwa macho.

Babamukuru anaamua kwamba mikosi ya ukoo inatokana na wazazi wa Tambu kuishi bila ndoa ya kanisani. Basi wafungishwe ndoa, na gauni jeupe, na sherehe, watu wenye watoto wakubwa! Tambu anaona wazazi wake wanafanywa kichekesho, na kuzaliwa kwake mwenyewe kunafanywa dhambi. Lakini huyu ndiye Tambu wa ndiyo baba. Atamwambiaje mfadhili wake hapana? Asubuhi ya harusi anashindwa kuamka kitandani. Mwili hausogei. Babamukuru anaingia, anafoka, na Tambu anahisi ametoka nje ya mwili wake, amesimama upande wa miguuni, anajitazama amelala.

Hebu turudi kwenye swali letu. Nani anasimulia? Tangu mwanzo tumekuwa na Tambu anayetenda na Tambu anayetazama, wametenganishwa na miaka. Asubuhi ile wote wawili wamo chumbani kwa wakati mmoja. Na ni asubuhi hiyohiyo ambayo kwa mara ya kwanza Tambu anasema waziwazi kwamba hataki kwenda. Anachapwa viboko, anapewa kazi za mtumishi wa ndani kama adhabu, na anazifanya bila kujuta. Ukiniuliza msichana huyu alianza lini kuwa yule msimulizi, nitakuambia ni hapo.

Nyasha hapati bahati hiyo. Tambu anafaulu kwenda shule ya masista, shule ya wasichana wa Kizungu, ambako wasichana wachache wa Kiafrika wanabanwa chumba kimoja, naye anaona ni neema. Nyasha anabaki, na usiku mmoja anavunjika. Anakirarua kitabu chake cha historia kwa meno. Anavunja vioo. Anavunja vile vyungu alivyovifinyanga. Wengi hukikumbuka kitabu cha historia, kile cha mkoloni, na kweli kinakumbukika. Vyungu vinasahaulika. Lakini vyote vimevunjwa usiku mmoja, cha Kiingereza na cha kijijini, na mwandishi kaviweka katika pumzi moja.

Wanampeleka kwa daktari wa akili, Mzungu. Naye anajibu kwamba haiwezekani, Mwafrika haugui ugonjwa wa namna hiyo! Kinaya hapo kinatoka mbali. Jina la riwaya limechukuliwa katika utangulizi ambao Jean-Paul Sartre aliuandikia kitabu cha Frantz Fanon, kile ambacho sisi tunacho kwa Kiswahili kwa jina la Viumbe Waliolaaniwa. Na Fanon alikuwa nani? Daktari wa akili, aliyefanya kazi Algeria na kuandika kuhusu majeraha ambayo ukoloni unayaacha akilini mwa watu. Jalada la kitabu linatuambia ugonjwa upo. Daktari wa ndani ya kitabu anasema haupo. Mama yake Tambu, mwanamke ambaye hakusoma, analo jibu lake: huo Uingereza wenu utawamaliza.

Sasa, riwaya haituonyeshi Tambu akiwa mwanamke mzima. Mwishoni anatuambia tu kwamba maswali yalianza kuota ndani yake, kwamba ilichukua muda mrefu na uchungu mwingi hadi kufika mahali pa kuweza kuandika haya. Kwa miaka mingi wasomaji tulijifariji kwa sentensi hizo. Tulisema, angalau Tambu alipona, si anasimulia?

Dangarembga akaja na vitabu vingine viwili. The Book of Not, mwaka 2006, kinachomfuata Tambu katika shule ile ya masista wakati vita vya ukombozi vikiendelea. Na This Mournable Body, mwaka 2018, kilichoingia katika orodha ya mwisho ya Tuzo ya Booker mwaka 2020, ambamo Tambu ni mwanamke mzima, yuko Harare, kazi hana, matumaini yamechakaa.

Kile cha mwisho kifungueni mwone anayesimulia. Hakuna "mimi". Kitabu kizima kinamwita Tambu "wewe". Wewe unaamka, wewe unajitazama kwenye kioo, wewe unaogopa. Ile sauti tulivu ya ukurasa wa kwanza wa Nervous Conditions, sauti iliyothubutu kusema mimi sikusikitika, haimo. Mwandishi kaiondoa nafsi moja ya sarufi, na kwa kuiondoa tu kaieleza hali ya mtu.

Walimu, nawaachia hilo mlijadili na wanafunzi: Tambu mkubwa aliyetusimulia kitabu cha kwanza, alikuwa akizungumza kutoka wapi, kabla ya Harare ile au baada yake? Mimi nina jibu langu, ila muda umenitupa mkono na fundi mitambo ananionyesha saa.